Niliiambia Serikali Kwamba Mimi ni Kibarua

Ndugu zangu, nyinyi mliosimama mlangoni sogeeni mbele, kuna nafasi kwenye benchi hizi mbili. Sina sauti kubwa, na leo nina hasira, na mimi nikikasirika sauti hupungua badala ya kupanda. Kwa hiyo njooni karibu. Naona hata majirani wa msikitini wameitikia mwaliko. Asanteni. Jambo hili halichagui dini.

Sikutoka Kitale kuja Bungoma kuwahubiria. Mchungaji wenu anaiweza kazi hiyo kuliko mimi. Nimekuja kwa sababu nimesikia kwamba kiwanda chenu kimefunga lango, na kwamba Jumatatu makarani wataketi kwa chifu na fomu za kuwaandikisha wote walioachishwa kazi. Fomu ya namna hiyo niliwahi kuijaza. Kuijaza kulichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai. Kutoka ndani yake kulinichukua karibu miaka mitatu.

Nilifanya kazi miaka kumi na mmoja katika kiwanda cha mbao, upande wa Saboti. Wakati huo kule kwetu ukisema kazi ya kiwanda umesema mbao. Magogo yalishuka kutoka mlimani, yakapasuliwa, na nusu ya nyumba ninazozijua zililishwa na msumeno. Mimi nilikuwa katika banda la kukaushia. Niruhusuni niwaeleze kazi yenyewe polepole, kwa sababu msipoielewa hamtaelewa hasira yangu.

Ubao uliopasuliwa leo umejaa maji. Ukiutengenezea mlango leo, utaendelea kukauka ukiwa tayari ni mlango. Utajikunja, utapasuka, utakataa kufunga. Kwa hiyo tulipanga mbao safu juu ya safu, na kati ya safu na safu tukaweka vijiti vyembamba ili hewa ipite. Vijiti hivyo lazima vikae mstari mmoja, kijiti juu ya kijiti, kutoka chini hadi juu. Ukikosea kimoja, mbao zote zilizo juu yake zitapinda. Na hatuziweki juani, maana jua kali hupasua ncha. Kivuli na upepo, basi. Halafu unangoja, na unatakiwa kujua umengoja vya kutosha. Nilikuwa nikigonga ubao kwa kifundo cha kidole. Ubao mbichi hujibu kama mtu aliyejifunika blanketi. Ubao mkavu huita. Na nikibaki na shaka, niliuweka shavuni. Ubao wenye maji ni baridi, hata saa sita mchana.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya miaka kumi na mmoja, na hakuna hata siku moja niliyodhani ni ufundi. Kwangu mimi fundi alikuwa mwanamume mwenye nyundo.

Kisha serikali ikafunga misitu. Sitawaambia kwamba kufunga misitu lilikuwa kosa. Mito ilikuwa inapungua, hata sisi tuliokula kwa msumeno tuliona. Lakini mtu akifunga mlango wa nyumba huangalia kwanza kama kuna watu ndani. Sisi tulikuwa ndani. Tuliambiwa twende likizo ya wiki mbili, magogo yakipatikana tutaitwa. Mpaka leo sijaitwa.

Jibu la kwanza la serikali lilikuwa baraza. Mkubwa mmoja alikuja, akasimama chini ya hema, sisi tukakaa juani. Akatuambia serikali inatujali. Akatuambia tusikae tukingoja ajira, tujiajiri. Akasema hivyo mara tatu, kisha akaingia ndani ya gari ambalo si lake, lenye dereva ambaye hamlipi yeye.

Jibu la pili lilikuwa fomu.

Tulipanga foleni kwa chifu tangu asubuhi. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja wa kiwandani, fundi wa kunoa misumeno. Nawaambia, mtu yule alikuwa akipiga bapa la msumeno kwa nyundo ndogo, anasikiliza, anapiga tena, na msumeno uliokuwa unayumba unakwenda wima kama uzi. Wenye viwanda vingine walikuwa wakija kumwomba. Sasa, foleni ina mdomo. Maneno yalianza mbele yakaja nyuma: ati wanaosaidiwa ni vibarua peke yao. Ati fundi akijiandika fundi, serikali itasema huyo atajitafutia.

Nikamwuliza, "Mzee, utajiandika nini?"

"Mimi leo ni kibarua, mama," akasema. "Tena kibarua mgonjwa. Kama kuna mahali pa kuandika mjane, pia nitaandika."

"Si mke wako yuko hai?"

"Atanielewa."

Tulicheka foleni nzima. Nilipofika mezani, karani hakuinua kichwa.

"Kazi yako ilikuwa gani?"

"Nilikuwa nakausha mbao."

Hapo akainua kichwa. "Kukausha? Si jua ndilo hukausha, mama? Wewe ulikuwa unafanya nini, unaliangalia?"

Walionifuata nyuma wakacheka, na mimi nikacheka nao. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilicheka. Nikamwambia, "Basi andika kibarua." Akaandika. Kibarua, hana ufundi. Akanigeuzia karatasi, nikatia sahihi kwa mkono wangu mwenyewe, hakuna aliyenishika.

Siku ile mafundi wote wa kiwanda walikwenda kwa chifu wakiwa mafundi, wakarudi nyumbani wakiwa vibarua. Hakuna aliyetunyang'anya. Tulipeleka ufundi wetu mezani tukauacha pale.

Mkitaka kujua tulipata nini, tulipata mahindi. Nataka mlifikirie hilo, nyinyi wenye jamaa Tongaren, nyinyi mnaojua magunia ya Kachibora wakati wa mavuno. Serikali ilitafuta nchi nzima mahali pa kupeleka mahindi ya msaada, ikayaleta kwetu, kwenye ghala la mahindi la nchi. Hata kuku walituangalia vibaya.

Baada ya mahindi tukaitwa Kitale kwa mafunzo ya siku mbili. Tulipewa soda na mandazi, tukafundishwa habari za nyuki, kwa sababu watu wasio na ufundi, alivyosema mwalimu, wanaweza kuanza na nyuki. Siku ya pili jioni kila mmoja alikabidhiwa mzinga wa mbao, mpya, uliopakwa rangi. Kulikuwa na mpiga picha.

Nilipokea wangu kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito kupita kiasi. Nikaugonga, haukuita. Nikainama nikauweka shavuni.

"Unaubusu, mama?" mtu akasema, na watu wakacheka tena.

Ulikuwa baridi, ndugu zangu. Mbichi. Mbao zile zilikuwa msituni mwezi uliopita, na msitu ulikuwa umefungwa. Mtu fulani mahali fulani alipewa kazi ya kutengeneza mizinga kwa ajili ya watu wa mbao, na hakumtafuta mtu wa mbao hata mmoja. Tulikuwa pale, ukumbi mzima, tuliopasua na kukausha na kuranda mbao za nusu ya wilaya, tumeshika mbao mbichi kama zawadi, tukitabasamu kwa kamera.

Mimi nilijua, na nilinyamaza. Nilijiambia, kibarua atasema nini.

Kabla ya mvua kuisha kifuniko kilikuwa kimejikunja kama sikio la mbuzi. Siafu wakaingia kwa ufa wa chini na mvua ikaingia kwa juu. Nyuki hawakuja, na wangekuja ningewauliza wanatafuta nini. Kwa jirani ilikuwa hivyo hivyo, na kwa jirani wa jirani. Afisa alipokuja kukagua, alisimama mbele ya mzinga wangu na kalamu yake akasema, "Shida yenu watu wa kiwanda ni kwamba mmezoea mshahara. Hamwezi kutunza kitu." Akaandika. Nasikia katika ripoti tuliandikwa kwamba tumeshapewa njia nyingine ya kuishi.

Sasa nifike mahali ambapo singependa kufika. Lakini ushuhuda wa kuruka si ushuhuda.

Niliupasua mzinga ule kwa shoka, nikautia jikoni. Kuni zenyewe hazikuwaka vizuri, zilitoa moshi tu, nilivyojua zitafanya. Na nilichopika kwa kuni hizo kilikuwa chang'aa, pombe ile haramu. Ndiyo. Mimi niliyekuwa nikiimba kwaya. Mama mkwe alihamia kwa shemeji yangu ili asivute moshi ule. Wateja wangu hawakuwa wageni. Walikuwa watu wa kiwanda. Nani mwingine alikuwa na mchana mzima bila kazi?

Yule mzee fundi wa misumeno alikuwa akija kila siku. Mwanzoni alikuja na mizaha. "Mama, leta dawa ya kibarua mgonjwa." Baadaye mizaha ikaisha, akawa anakuja tu. Siku moja aliinua bilauri na nikaona mikono inatetemeka hata kinywaji kinamwagika. Mikono ile iliyokuwa ikinyoosha msumeno kwa kusikiliza. Na bilauri ilikuwa yangu.

Nawaambia ukweli, siku ile sikuacha. Nilimjazia tena. Watu hupenda kusikia kwamba mtu aliona, akalia, akaacha. Mimi niliona, nikajaza.

Kilichonigeuza kilikuja baadaye, na kilikuja kwa mtu ambaye hata kanisani hajawahi kuingia. Nilikwenda mjini Kitale kutafuta mabaki ya mbao, kuni za jiko langu lile lile. Karibu na msikiti kuna mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa akiuza mbao. Nilimkuta akigombana na mteja aliyerudisha mlango, maana ulikuwa umepinda kama upinde. Mteja anasema umeniuzia takataka, mzee anaapa kwamba mbao ni nzuri. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya rundo. Mkono wangu ukagonga wenyewe. Ukagonga tena ubao wa chini yake.

"Mzee," nikasema, "hizi ni mbichi. Na umezilaza bila vijiti, zimeanza kuota ukungu katikati. Zile za pembeni kule ndizo kavu. Mwuzie hizo."

Wakanigeukia wote wawili. Mzee akaja, akagonga, hakusikia chochote. Nikachukua ubao mmoja wa huku na mmoja wa kule, nikamwambia aweke shavuni. Akaweka. Akautoa akauangalia, akaweka tena.

"Subhanallah," akasema. "Wewe bibi ni fundi wa wapi?"

"Mimi si fundi. Mimi ni kibarua."

"Nani kakwambia wewe ni kibarua?"

"Iko kwa serikali. Imeandikwa."

"Na serikali ilijuaje?"

"Mimi niliiambia," nikasema.

Hakucheka. Mtu huyu alikuwa wa kwanza kutocheka. Akasema, "Basi iambie tena." Halafu, kama mfanyabiashara, akauliza ningetaka nini kwa siku ili nimpangie mbao zake sawasawa.

Nilirudi nyumbani bila kuni. Jioni ile kabla ya giza nilivunja mtungi wa chang'aa. Kesho yake nilikwenda kwa yule mzee wa misumeno, nikapiga magoti mbele ya mke wake, maana yeye ndiye niliyemkosea zaidi. Aliniacha pale chini muda mrefu. Kisha akasema, "Inuka. Lakini kama umekuja kuomba msamaha, uje kila asubuhi pia, umchukue uende naye kazini, kwa sababu mimi siwezi kumlinda mchana." Ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi nilimpitia twende kwa yule muuza mbao. Kuna siku alikataa, kuna siku alitoroka njiani. Nikampitia tena.

Wakati huo elimu ya bure ilikuwa imeanza, shule zimejaa, watoto wamekaa sakafuni. Tukasikia kwamba serikali itatoa kazi ya kutengeneza madawati, na kwamba vikundi vya walioachishwa kazi vitatangulizwa ikiwa vina mafundi. Tulifurahi. Kwa mara ya kwanza serikali ilikuwa inatafuta kitu tulichokuwa nacho. Tukajikusanya watu tisa, tukaenda ofisini.

Afisa akafungua faili, akapitisha kidole. "Nyinyi? Hapa hakuna fundi hata mmoja. Nina vibarua tisa."

"Tuliandika vibaya," nikasema.

"Mlitia sahihi?"

"Tulitia."

"Basi mlisema uwongo wakati ule, ama mnasema uwongo sasa. Nichague gani?"

Akatutuma tulete barua ya kiwanda. Kiwandani alikuwepo mlinzi peke yake, na mbwa. Tukarudi, akasema tumtafute chifu. Chifu akasema orodha ilishakwenda Nairobi, na kitu kikishakwenda Nairobi hakirudi. Mnaona? Mahindi waliyoleta hayakuhitaji barua. Mizinga mibichi haikuhitaji barua. Ulipofika wakati wa kutupa kazi tunayoiweza, ndipo karatasi ikawa na nguvu kuliko mtu aliyesimama mbele yake. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na sitaki iondoke. Inanisaidia kuamka.

Mara ya tatu nilikwenda na vitu vitatu: ubao mmoja mbichi, ubao mmoja mkavu, na kifuniko cha mzinga wa jirani yangu, kimejikunja vile vile. Nikaviweka juu ya meza ya afisa, juu ya faili.

"Hiki mlitupa nyinyi," nikasema. "Nilijua kitapinda siku ile ile mlipotupa, na sababu ya kujua ni kwamba hiyo ndiyo kazi yangu. Mkileta madawati ya mbao kama hizi, mwaka kesho watoto watakuwa sakafuni tena. Gonga huu. Sasa gonga huu."

Hakugonga. Alikuwa akitazama kifuniko. Aliyeinuka ni dada aliyekuwa akipiga taipu kwenye kona. Alikuja akagonga mbao zote mbili, akaziweka shavuni moja baada ya nyingine, akamwambia bosi wake, "Mkubwa, kweli hii ni baridi. Jaribu tu."

Na yule bwana, mbele yetu sote, akaweka ubao shavuni.

Hakutuomba radhi. Alisema orodha ya zamani haiwezi kubadilishwa, lakini kikundi kinaweza kuandikwa upya kama kikundi, na mmoja wetu afanye mtihani wa ufundi wa serikali. Mzee wa misumeno ndiye aliyefanya. Alikuwa na miezi miwili bila kuonja, na asubuhi ile aliniambia, "Nikitetemeka, useme ni baridi." Hakutetemeka.

Dada wa taipu akatuita mmoja mmoja aandike majina na kazi. Zamu yangu ikafika.

"Na wewe, mama? Kazi yako?"

"Mkaushaji wa mbao," nikasema, na nilingoja acheke. Aligonga herufi zile, akanigeuzia karatasi nione kama amekosea.

Tulipewa sehemu tu ya madawati. Sehemu kubwa walipewa wengine, na yao mengi sasa yanayumba. Ya kwetu yako shuleni kule Saboti. Mimi hupita kuyagonga. Lakini katika lile faili la kwanza, hata leo, mimi ni kibarua nisiye na ufundi. Halikufutwa.

Namshukuru mzee wa mbao wa karibu na msikiti, aliyeniuliza swali ambalo chifu hakuniuliza, wala mchungaji wangu, wala mimi mwenyewe sikujiuliza. Namshukuru mama mkwe, aliyerudi nyumbani bila kudai maelezo. Namshukuru dada wa taipu, aliyeinuka kwenye kiti chake bila kutumwa. Na namshukuru mzee huyu aliyekaa hapa kwenye benchi ya pili, ambaye ameniruhusu kuyasema haya na amekuja kuhakikisha sikuongeza chumvi. Mke wake namshukuru kwa asubuhi zile zote.

Serikali sijaishukuru. Mtanisamehe. Siku watakapokuja kwenu na kuuliza kwanza mnaweza nini, kabla ya kuamua mnakosa nini, nitarudi hapa kwa miguu kuishukuru.

Sasa Jumatatu. Najua foleni itasema nini, kwa sababu tayari nimeisikia hapo nje nikiingia: ati jiandikeni vibarua. Kuna mtu hapa ambaye miaka yote alisikiliza mashine na kujua kwa sauti yake kwamba itaharibika kesho. Kuna mama aliyeshona magunia ambayo hayajawahi kufumuka. Mmezizoea kazi hizo mpaka mnadhani kila mtu anaziweza. Karani naye hazijui, atacheka. Mwache acheke, nyinyi msicheke naye.

Leo jioni chukua karatasi, uandike kazi uliyokuwa ukiifanya kwa mikono yako, kwa jina lake. Jumatatu nenda nayo kwa chifu, mwambie karani ainakili kama ilivyo. Soma alichoandika kabla ya kutia sahihi, na kama hujui kusoma, nenda na mtu wa kukusomea. Akiandika kibarua, rudisha kalamu mezani na umwombe aandike tena.